Asiyekuwepo na Lake Halipo



Majuma mawili yaliyopita hatukuwa Pwani. Tulialikwa arusi Machakos, kwa wakwe wa jamaa yetu, tukapanda treni hadi Athi River na hapo tukaingia matatu iliyotupandisha hadi mjini. Arusi ilikuwa ya heri. Wali uliwatosha wote, na bwana arusi alilia kuliko bibi arusi. Lakini si arusi tunayokusudia kuisimulia leo. Tunataka kuwaeleza neno tulilolisikia jioni ya siku ya pili, sahani zilipokwisha kuoshwa na sisi wanawake tumekaa barazani, tumejitanda mashuka kwa sababu ya baridi ya kule ambayo miili yetu ya Pwani haikuizoea.

Mazungumzo yaliangukia uchaguzi. Mmoja wetu, mwanamke kijana mwenye watoto wawili, alisema kwamba yeye kura haimhusu. Mara iliyopita, alisema, alimkabidhi kijana mmoja wa mtaani kitambulisho chake, akapewa shilingi mia tano, akanunua unga na mafuta ya kupikia, na hiyo ndiyo faida pekee aliyowahi kuipata kwa kura tangu azaliwe. Tulicheka, kwani alivyolisimulia lilichekesha. Bi Mkubwa, mama wa mwenyeji wetu, hakucheka. Alimtazama kwa upole, kisha akasema: "Mwanangu, mama yangu hakuwa nayo hata ya kuuza."

Kicheko kikakatika. Akatusimulia.

Mwaka 1957 yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Baba yake alikuwa askari mstaafu wa Kingi Afrika, aliyekwenda vitani Burma akarudi salama, kisha akapata kazi ya serikali. Ilikuwa mwezi wa Machi. Usiku baba yake alipasha pasi ya makaa, akazipiga nguo zake za kaki mwenyewe, maana hakuamini kwamba mtu mwingine angezinyosha ipasavyo. Asubuhi akamwambia mkewe kwamba anakwenda kupiga kura, na kwamba yeye amepewa kura mbili. Mkewe akauliza, "Na mimi?" Akajibiwa kwamba jina lake halimo daftarini. Hakusema neno tena. Baba akatoka na kura zake mbili, mama akatoka na jembe lake. Mwanamke yule, alisema Bi Mkubwa, ndiye aliyelima shamba, akalea watoto na kuuguza wakwe miaka yote ambayo mumewe alikuwa ng'ambo. Lakini kwa kazi hiyo hapakuwa na cheti.

Tuliporudi nyumbani neno hilo lilikataa kututoka, tukaona ni wajibu wetu kulieleza kwa ukamilifu wake, kwani wengi wetu hatukufundishwa jinsi kura ilivyoingia katika nchi hii.

Baraza la Kutunga Sheria la Kenya lilikutana kwa mara ya kwanza mwaka 1907, na wajumbe wake wote waliteuliwa na serikali. Mwaka 1920, mwaka ule ule Kenya ilipofanywa koloni, Wazungu walichagua wajumbe wao 11, na wanawake wa Kizungu walipiga kura pamoja na waume zao. Baadaye Wahindi na Waarabu nao walitengewa viti, kila jamii na daftari lake. Mwafrika, ambaye ndiye aliyekuwa wengi katika nchi, hakuwa na daftari wala kiti. Ilisemekana kwamba mambo yake yatasemwa na Mzungu aliyeteuliwa kwa kazi hiyo, na wa kwanza wao, mwaka 1924, alikuwa mmishonari. Mwafrika wa kwanza kuketi katika baraza lile, Eliud Mathu, aliingia mwaka 1944, naye pia kwa kuteuliwa.

Machakos ilijua mapema gharama ya kutokuwapo barazani. Mwaka 1938 serikali iliamua kwamba Wakamba wana mifugo mingi kuliko ardhi inavyoweza kuvumilia, na kwamba udongo unaliwa na mmomonyoko. Ng'ombe wakakamatwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei ya chini, na wakati huo huo kiwanda cha nyama kilikuwa kimejengwa Athi River, pale pale tuliposhuka treni, nacho kilihitaji ng'ombe. Watu wa Machakos hawakuwa na mjumbe wa kusimama na kuuliza kwa nini wanyang'anywe mali yao. Basi walikwenda wenyewe. Wanaume, wanawake na watoto walifunga safari hadi Nairobi, wakapiga kambi huko wiki kadhaa, wakitaka kumwona gavana uso kwa uso. Kiongozi wao aliitwa Muindi Mbingu.

Serikali ilimkamata Muindi Mbingu na kumhamishia mbali na watu wake. Alipelekwa Lamu. Ndiyo, ndugu zetu wa Lamu, ni katika mji wenu huo alikofungiwa mtu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kuwasemea wenziwe. Leo barabara ya katikati ya Nairobi ina jina lake, na wengi wetu hupita hapo tukienda sokoni bila kuuliza alikuwa nani. Mwishowe serikali iliacha kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Walishinda, lakini tazameni walivyoshinda: kwa kulala nje, kwa njaa, na kwa kumpoteza kiongozi wao. Mwenye mjumbe hupeleka neno. Asiye na mjumbe hupeleka mwili wake.

Miaka 19 ikapita baada ya safari ile. Nchi ilikuwa katika hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, na vyama vya siasa vya nchi nzima vilikuwa vimepigwa marufuku. Serikali ya Uingereza iliona kwamba haiwezekani tena kuwaambia Waafrika wangoje. Ikamwagiza afisa wake, Walter Coutts, apendekeze namna ya kuwapa Waafrika kura, naye akaleta mpango ambao leo tukiusoma tunashangaa. Hakusema kila mtu mzima apige kura. Alisema watu wapimwe.

Mtu alipimwa kwa kisomo chake: je, amefika darasa lililotakiwa? Alipimwa kwa kipato chake: je, anapata pauni 120 kwa mwaka, yaani shilingi 200 kila mwezi, kiasi ambacho vibarua wengi wa wakati ule hawakukiota? Alipimwa kwa mali, kwa utumishi wa miaka mingi serikalini au jeshini, kwa cheo na kwa umri. Aliyetimiza sharti moja alipata kura moja. Aliyetimiza masharti zaidi aliongezewa, hadi kura tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru kulikuwa na sharti jingine juu ya hayo: cheti cha utiifu kwa serikali. Hivyo ndivyo askari mstaafu wa Machakos alivyopata kura mbili, na jirani yake mchungaji asipate hata moja.

Sheria haikuwafungia wanawake wa Kiafrika mlango kwa maneno. Iliwafungia kwa vipimo. Msichana ambaye hakupelekwa shule angepata wapi cheti cha shule? Mwanamke ambaye mali yote ya nyumba imeandikwa kwa jina la mume angeonyesha mali gani? Ambaye hakuajiriwa na mtu angehesabiwa utumishi kwa nani? Wachache walifaulu, lakini walio wengi walibaki shambani kama mama yake Bi Mkubwa.

Katika nchi yenye Waafrika takriban milioni sita, walioandikishwa walikuwa kama 126,000. Mwezi wa Machi 1957 walipiga kura, wakachagua wajumbe wanane. Ukambani yote, Machakos pamoja na Kitui, ilikuwa na kiti kimoja, na aliyekipata ni James Nzau Muimi. Nairobi ilimchagua Tom Mboya, Nyanza ya Kati ikamchagua Oginga Odinga, na Bonde la Ufa likamchagua Daniel arap Moi. Masinde Muliro, Lawrence Oguda na Bernard Mate nao waliingia. Kwetu Pwani aliyechaguliwa alikuwa mwalimu, Ronald Ngala. Viti vinane kwa mamilioni, ilhali Wazungu, ambao hawakuzidi elfu sabini, walikuwa na viti 14.

Hapa yule dada yetu kijana angetuuliza, na ana haki ya kuuliza: ikawaje basi? Wanane wangefanya nini? Tunamjibu kwa yaliyotokea. Wanane wale walikutana na kukubaliana kwamba watakuwa na sauti moja. Wakapewa nafasi ya uwaziri, wakaikataa, wakisema hawatapokea cheo katika serikali ambayo watu wao hawakuhesabiwa ndani yake sawasawa. Wakadai viti zaidi. Mwaka uliofuata viti vya Waafrika vikaongezwa sita, vikawa 14. Mwaka 1960 viongozi waliitwa London kwenye mkutano wa Lancaster House, na masharti ya kura yakalegezwa: aliyejua kusoma na kuandika lugha yake aliandikwa, na aliyepita miaka arobaini aliandikwa hata kama hakupata kushika kalamu. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 walioandikishwa walipita milioni moja. Na Mei 1963 kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke, alikuwa na kura yake moja, si mbili wala tatu. Tarehe 12 Desemba mwaka huo Kenya ikawa huru.

Miaka sita tu imepita kati ya kura ile yenye vipimo na kura ya watu wote. Hatusemi kwamba wajumbe wanane peke yao ndio walioleta uhuru. Watu walikufa misituni na kambini, na wengine walifungwa. Lakini mlango uliofunguliwa kidogo mwaka 1957 ulisukumwa na watu waliokubali kuingia humo, wakijua wazi kwamba ulikuwa mwembamba na wa dhuluma. Wangaliusia, wakasema kura hii haina maana, wangalimwachia nani kiti kile?

Sasa turudi kwetu, maana tusije tukafikiri kwamba habari hii ni ya bara peke yake. Katika Pwani yetu kiti cha Waarabu kilileta maneno mengi. Jamaa zetu wa Thenashara Taifa walihangaika miaka mingi kwa sababu daftari liliuliza nani Mwarabu na nani si Mwarabu, na ndugu waliosali safu moja na kuzikana makaburi mamoja wakatengwa na kalamu ya serikali. Na wanawake wa Kiarabu hawakuwa na kura kabisa. Hata katikati ya miaka ya 1950, wakati wanawake wa jamii nyingine walikuwa wanaandikwa, wao waliachwa nje, kana kwamba kila mmoja alikuwa na mume au ndugu wa kumtosheleza.

Mama zetu hawakunyamaza. Wanawake wa Mombasa, wengine wao ambao umoja wao ulikuwa umezoeleka katika vyama vya lelemama na katika shughuli za arusi na misiba, waliandika maombi kwa serikali, wakatia sahihi zao, wakadai nao wahesabiwe. Hawakuivua buibui ili waweke sahihi, wala hawakuacha kuwa wake na mama. Walisema tu kwamba nao wana jambo la kusema juu ya skuli za watoto wao, maji ya mitaa yao na sheria za nchi yao. Nao walipewa. Kila tunaposikia mtu akisema kwamba kura ni jambo la wanaume na mwanamke wa heshima hukaa nyumbani, tunakumbuka kwamba wanawake wa heshima wa Mombasa ndio walioiomba.

Wala katika dini yetu jambo hili si geni. Katika ahadi ya pili ya Aqaba, watu wa Yathrib walipokwenda usiku kumwahidi Mtume, rehema na amani zimshukie, walikuwamo wanawake wawili, Nusayba bint Kaab na Asma bint Amr. Hawakuwakilishwa na waume zao. Walitoa ahadi yao wenyewe, na majina yao yamehifadhiwa hadi leo. Tumeamrishwa kuzifikisha amana kwa wenyewe, na tumekatazwa kuuficha ushahidi. Wako maulamaa wanaoifananisha kura na ushahidi: unapomchagua mtu unashuhudia kwamba anafaa. Basi anayeuza kura yake ameuza ushahidi, na anayemwachia mtu mwingine kitambulisho chake amemwachia ulimi wake.

Tunalisema hili tukijua uzito wa shilingi mia tano katika nyumba ambayo mtungi wa unga uko mtupu. Hatukumlaumu dada yetu barazani, na hatumlaumu hapa. Njaa haingojei uchaguzi. Lakini tufanye hesabu kama tufanyavyo sokoni. Shilingi mia tano kwa miaka mitano ni shilingi mia kwa mwaka, na haifiki shilingi tisa kwa mwezi. Kwa shilingi tisa mwanamke ameuza neno lake juu ya zahanati atakayojifungulia, barabara ya kumfikisha hospitali, na fedha za masomo za mtoto wake. Anayenunua anajua thamani yake, ndiyo maana ananunua. Na tujue pia kwamba sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 humhesabu mkosaji aliyetoa na aliyepokea. Dalali akishapata alitakalo hatafuatana nawe kortini.

Liko jambo la pili, ambalo ni gumu zaidi kulisema kwa kuwa liko ndani ya nyumba zetu. Wako wazee wa nyumba ambao siku za uchaguzi hukusanya vitambulisho vya wake, mabinti na wake za watoto wao, wakaviweka mahali pamoja, na hakuna atokaye ila kwa maelekezo. Hufanya hivyo wakidhani ni ulinzi. Kwa adabu yote tunawaambia baba zetu na kaka zetu: mkoloni alipima watu akaona wengine wana kura mbili na wengine hawana. Msije mkaurudisha mpango ule sebuleni. Shaurianeni, mbishane kwa upole, mpeane habari za wagombea. Kisha kila mmoja aingie penye sanduku peke yake na Mola wake, kwani kura ni ya siri hata baina ya mume na mke.

Basi tunawaomba wasomaji wetu mambo matatu madogo kabla ya toleo lijalo. Kwanza, kila mwanamke akitazame kitambulisho chake kilipo. Kama kiko kwa mtu mwingine, akidai kwa upole lakini akidai. Pili, aliyetimiza miaka 18 na hajaandikishwa aende katika ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneo lake na kitambulisho au pasipoti yake. Afuatane na mwenzake ikiwa anaona haya kwenda peke yake. Tatu, wenye bibi nyumbani wawaulize: mlipiga kura mara ya kwanza lini, na ilikuwaje? Majibu yao ni elimu ambayo haimo katika vitabu vya watoto wetu, na wenyewe wanatuondokea siku hadi siku.

Sisi tulimuuliza Bi Mkubwa. Alisema mama yake aliandikwa mwaka 1961, kwa kuwa alikuwa amepita miaka arobaini. Siku ya kupiga kura aliamka kabla ya jogoo, akaoga, akavaa nguo yake ya kwenda mjini, akamwamsha mumewe mapema ili wasichelewe. Mumewe alitaka kumweleza njiani amchague nani. Akamjibu kwamba miaka minne iliyopita yeye alikwenda peke yake na hakuna aliyemwelekeza.

Yule dada yetu kijana alisikiliza hadi mwisho, kisha akanyanyuka kwenda kumlaza mtoto. Asubuhi, tulipokuwa tukifunga mizigo, alitujia taratibu akauliza ikiwa mtu aliyekipoteza kitambulisho anaweza kupata kingine, maana yule kijana wa mtaani hakukirudisha. Tulimwambia anaweza: aripoti polisi kwanza, kisha aende ofisi ya usajili wa watu. Amesema atakwenda. Tunamwombea Mola amfanyie wepesi, yeye na sisi sote.